Baridi Isiyohama na Nyota

Mwaka ule mama yangu alikuwa anatazama chenga. Runinga haikuwa mbovu. Mitambo ya zamani ya kurushia matangazo ilizimwa nchi nzima, kijiji chetu kizima cha Toconao kikanunua ving'amuzi, na mimi nikamnunulia mama chake, kizuri kabisa. Akakiweka juu ya kabati, akakifunika kitambaa cha kufuma, akasimamisha juu yake sanamu ya Bikira. Kisha akarudi kukaa mbele ya runinga yake ya chogo, sauti imepandishwa, shhhhh kutwa kucha.

"Mama, zima hicho kitu, kinanipasua kichwa."

"Nenda kalale."

"Saa sita mchana nikalale?"

"Basi nenda kazini. Si una kazi?"

Kazi ninayo. Mimi ni fundi wa darubini iliyoko juu mlimani, kwenye uwanda wa Chajnantor, ambako hewa ni haba na tunapanda na mitungi ya oksijeni kama wagonjwa. Usifikirie lenzi na mtu aliyefumba jicho moja. Yetu ni sahani inayozunguka kutwa nzima ikipima joto la anga, lile joto lililobaki tangu mwanzo wa kila kitu. Kaka yangu Nolberto ndiye aliyeniingizia maombi pale. Yeye alikuwa dereva wa lori la kupeleka dizeli kule juu, na maneno ya wanasayansi aliyachukua kama umbea, akashuka nayo kwa mama hata viatu hajavua.

"Mama, unajua wamesema nini leo? Wamesema anga halina giza hata kidogo. Sisi tu ndio vipofu."

"Mimi nilijua zamani. Nawa mikono ule."

Siku moja, kesho yake baada ya kuoka mikate ya sikukuu ya marehemu, alimshika mama mkono akautia ndani ya tanuri la udongo pale uani. Majivu yalikwisha kuzolewa. "Unasikia joto? Linatoka upande gani?" Mama akasema linatoka pande zote. "Haya nionyeshe moto ulikuwa wapi." Mama akasema acha upuuzi, moto ulikuwa tanuri zima. "Ndiyo hivyo hivyo! Mwanzoni mbingu zote zilikuwa moto, mzito, hata mwanga haupenyi. Zilipopoa kidogo, mwanga ukapata njia. Mpaka leo unasafiri, umevutika na kuchoka, umekuwa mawimbi ya redio. Unakuja kutoka kila upande kwa sababu hakuna mahali ambapo hapakuwa moto."

"Na aliyewasha?"

"Hapo umwulize padri."

Mama alicheka siku ile. Nolberto akaendelea, maana alikuwa hajui kuacha. Akasema ule mng'ao wa mwanzo hauko peke yake, iko mingi nyuma ya kila kitu. Uko wa miale ya joto, uliotokana na vumbi lililoota joto la nyota tangu nyota zilipoanza kuwaka. Uko wa mwanga huu wetu wa macho, jumla ya galaksi zote, hafifu mno. Na uko wa eksirei, ambao wataalamu waliuona kama ukungu, wakabishana miaka na miaka ni ukungu wa nini. Walipotengeneza macho mazuri zaidi, ukungu ukaachana mmojammoja: kumbe yalikuwa mashimo meusi, mengi ajabu, kila moja linameza vyakula vyake mahali pake.

"Kumbe si ukungu," mama akasema.

"Si ukungu. Ni wengi tu, wako mbali."

Nayakumbuka maneno hayo kwa sababu yalikuja kutugharimu. Na kuna jingine alilolisema akiwa amelala kwenye kochi, miguu juu, runinga imepoteza stesheni: kwamba kwenye zile chenga, kapunje kadogo kanatoka kwenye ule mwanga wa mwanzo. Mama akatazama chenga zile kwa muda, kisha akamwambia atoe miguu kwenye kochi.

Majira ya baridi yaliyofuata upepo mweupe, ile dhoruba ya theluji, ulimkuta Nolberto na lori lake kwenye kona iliyo chini ya njia ya zamani ya wachimba madini ya kiberiti. Mwenye akili angekaa ndani ya lori, na kaka yangu alikuwa na akili, sijui ni nini kilimtoa. Waokoaji walimkuta ameketi nyuma ya jiwe, mikono ameitia makwapani. Koti lake lilikuwa pembeni, limekunjwa vizuri kama la mtu anayejiandaa kulala. Daktari alisema baridi ikimzidi mtu huanza kuhisi joto, akavua nguo mwenyewe. Mama alisikiliza maelezo hayo mpaka mwisho, akachukua koti, akalipeleka nyumbani, akalitundika nyuma ya mlango. Na pale kwenye kona tukamjengea kijumba cha roho kama anavyojengewa kila anayefia njiani, kidogo, cha mawe.

Kwetu maiti hafukuzwi siku moja. Sikukuu ya Watakatifu Wote tunamwandalia meza, mikate, majani ya koka ya kutafuna, kile alichokipenda, na roho huja kula adhuhuri na kuondoka adhuhuri ya kesho yake. Tunafanya hivyo miaka mitatu. Mwaka wa tatu ndio wa kumsindikiza: nguo zake zinachomwa, anaagwa, watu wanageuka na kuondoka bila kutazama nyuma. Ukitazama nyuma, umemzuia. Na asiyesindikizwa hubaki anatangatanga, na huwa hatangatangi peke yake muda mrefu, huja kuchukua mwenzake nyumbani.

Sasa mwaka wa tatu ulikuwa umefika, na mama hataki.

"Yuko hapa," aliniambia, kidole kwenye zile chenga. "Stesheni zote zimeondoka, amebaki yeye. Halafu mimi nimfukuze?"

"Mama, hizo ni chenga."

"Sikiliza vizuri. Hapo katikati anakohoa."

Nilikasirika, nikatoka nje, nikapiga teke ndoo. Nilikasirika kwa sababu nilikuwa nimesikiliza, na kweli mtu alikohoa. Nilijiambia ni masikio yangu, ni uchovu, ni mlima. Lakini mama nilikuwa namwona kwa macho mawili. Sketi alikuwa anaifunga kwa kamba. Supu ilipoa mbele yake nikaimwaga, asubuhi, jioni. Jirani walianza kuniuliza hali yake kwa ile sauti ya chini wanayouliza mgonjwa asiyepona. Sikuwa na hofu ya kitabuni. Niliona kabisa kwamba Nolberto anamchukua, na kwamba asiposindikizwa mwaka huu, mwakani nitaandaa meza ya watu wawili.

Wiki chache kabla ya sikukuu, Ignacia akaniita kwenye kontena letu la mitambo. Ignacia ni mtaalamu kutoka Santiago, mwembamba, mpole, anakunywa chai ya koka utadhani maji. Alikuwa na ramani kwenye kioo cha kompyuta.

"Romelia, kuna kitu kinanichefua. Ona. Tumeondoa joto la hewa, tumeondoa vumbi la galaksi, tumeondoa joto la mashine yenyewe. Ilitakiwa ibaki mbingu peke yake. Sasa hili doa ni la nini?"

"Doa la moto?"

"Ingekuwa moto ningejua ni jua au jenereta. Hili ni baridi. Baridi kupita kiasi. Na halihami. Nyota zinapita, anga lote linazunguka, lenyewe liko palepale, kwenye ukingo. Limeingia kwa pembeni, darubini inaliona kwa jicho la kando. Kwa hiyo si la mbinguni, ni la hapahapa duniani."

"Tangu lini?"

"Tangu mwisho wa baridi. Mtu ameweka kitu. Chukua pikapu ukakitafute ukitoe, maana kinaniharibia kazi ya mwaka mzima."

Akanichorea mshale wa upande wenyewe kwenye ramani ya mlima. Nikaufuata kwa kidole. Ulikuwa unaelekea kwenye kona ya Nolberto.

Nilikwenda mchana ule ule, jua kali, mtungi wa oksijeni kwenye kiti cha pembeni. Kijumba chetu cha mawe nilikijua, kiko chini bondeni, darubini haiwezi kukiona hata ingesimama kwa vidole. Nilishuka nikakizunguka, kilikuwa kitupu, hata msalaba haukuwepo. Nikainua macho. Juu, kwenye ukingo wa mlima, kitu kiliwaka kwenye jua.

Nilipanda kwa miguu huku napumzika kila hatua chache. Kilikuwa kijumba kingine, kikubwa zaidi, kimefungwa kwa waya na mawe manne pembeni. Paa lake lilikuwa bati linalong'aa, limeinamishwa kuelekea uwandani. Ndani kulikuwa na msalaba wa Nolberto, bia nusu chupa, na lile koti, limekunjwa. Mbele ya koti kulikuwa na mkate wa umbo la mtoto, macho yake ya zabibu kavu, moja kubwa moja dogo. Hakuna mtu mwingine Toconao anayeshindwa kulinganisha macho ya mkate isipokuwa mama yangu.

Kitaalamu nilielewa papo hapo. Bati ni kioo kwa mawimbi yetu. Lilikuwa linachukua ubaridi wa anga la juu kabisa na kuurusha moja kwa moja kwenye darubini. Nilielewa, na bado nilisimama pale nimeshika mdomo, maana nyuma yangu, ng'ambo ya uwanda, ile sahani nyeupe ilikuwa imegeuka inanitazama. Sikugusa kitu. Nyumba ya roho haibomolewi na mtu mmoja kwa sababu bosi amesema.

Nilishukia kwa mzee Eleuterio, baba wa ubatizo wa Nolberto, mtu pekee kijijini anayeijua ile njia ya kiberiti. Nikamkuta anaziba pancha.

"Mzee, nani alimpeleka mama mlimani?"

"Mlima gani?"

"Usinifanye mtoto."

"Aa, ule." Akaendelea kupaka gundi. "Alisema anataka kunyoosha miguu."

"Kunyoosha miguu! Bibi wa umri ule, kule juu, hewa yenyewe ya kugombania!"

"Alipumua vizuri kuliko mimi. Mimi ndiye niliyetapika."

"Ungekataa."

"Wewe umewahi kumkatalia mama yako?" Akanitazama kwa jicho la huruma. "Na bati ni la banda langu. Kuku sasa wanababuka na jua."

"Alikwambia anafanya nini kule?"

"Alisema, mzazi mwenzangu, tumweke mtoto mahali watakapomwona."

Nilipofika nyumbani niliizima runinga. Sikuwa nimewahi kufanya hivyo. Nyumba ikawa kimya mpaka nikasikia kuku wa jirani.

"Washa," mama akasema.

"Nimetoka juu, mama. Nimekiona."

Hakukana. Alijivuta mbele ya kiti, macho yakamtoka, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi niliona uso wa mtu anayetaka kitu.

"Mmemsikia?"

"Mama..."

"Nijibu. Nolberto alisema ule ukungu wa eksirei haukuwa ukungu. Walipopata macho mazuri wakaona ni mmojammoja, kila mmoja na pake. Sawa? Sasa huu wa zamani, unaotoka kila upande, unadhani ni nini? Ni wao. Ni wote waliotutangulia. Nyie hamna macho tu. Basi mimi nimewasaidia, nimemtoa mmoja kwenye kundi nikamweka mbele yenu. Haya, mmemsikia au hamjamsikia?"

Loo, mama yangu. Nilitaka kumcheka na kumkumbatia na kumpiga kofi, yote kwa pamoja. Ningeweza kumwambia kwamba huu wa mwanzo hautaachana kamwe mmojammoja, kwamba hauna mwenyewe, ni wa tanuri zima. Ningeweza kusema hapana, hatujamsikia, naye angepanda tena na bati kubwa zaidi. Neno bati nilikuwa nalo mdomoni kabisa.

"Mashine yetu haisikii sauti," nikasema. "Inapima joto."

"Najua. Alinieleza. Ana joto gani?"

"Hana."

"Hana vipi?"

"Ni baridi, mama. Mlima wote una joto la kwake, mawe yana joto, hata theluji ina joto. Pale alipo yeye ni baridi kama ya juu kabisa angani. Na hahami. Nyota zinachomoza zinatua, kila kitu kinapita, yeye yuko palepale. Ukipima asubuhi yupo, ukipima jioni yupo."

Mama akanitazama. Polepole akaitia mikono yake makwapani, kama alivyokutwa Nolberto, na sidhani alijua anafanya nini.

"Hajavaa koti," akasema.

"Hajavaa."

"Nilimpelekea mpaka pale, na hajalivaa."

Akalia. Hakuwa amelia msibani, hakuwa amelia kaburini, alilia siku ile kwa sauti mpaka jirani akagonga ukuta. "Mimi nilidhani nimemweka karibu na watu," akawa anasema, "kumbe nimemweka kwenye baridi." Nilimshika. Kila nililomwambia lilikuwa kweli, lingeweza kusimama mbele ya Ignacia na wenzake wote. Neno bati nilikuwa nimelimeza, na nilijua kwa nini.

Alipomaliza akajifuta kwa kitambaa cha king'amuzi.

"Unga umebaki kiasi gani?"

"Nusu gunia."

"Kawashe tanuri."

Tulioka siku nzima, na meza ya mwaka ule ilishinda meza zote: mikate, supu ya mahindi, bia yake, hata soseji alizozipenda, ambazo mama alikuwa anaziita takataka. Kesho yake mzee Eleuterio akatupandisha. Adhuhuri tukafungua waya, tukashusha bati, tukachoma nguo za Nolberto na koti lake. Moto kule juu hauna nguvu, ilibidi tuuzunguke kwa miili yetu ili ushike. Koti lilichelewa, kisha likashika lote mara moja.

"Nenda, baba," mama akauambia ule moto. "Umekaa nasi vya kutosha. Nenda kwenye joto."

Akageuka akaanza kushuka, mgongo umenyooka, mkono kwenye bega la Eleuterio. Mzee amebeba bati lake kichwani. Mimi nilikuwa wa mwisho. Mimi niliyelitaka jambo hili, niliyegomba, niliyepiga ndoo mateke, niliyekuwa na haraka asindikizwe aondoke. Nilikuwa nimeshuka kidogo tu niliposikia mtu anakohoa nyuma yangu.

Kila mtu hukohoa kule juu. Mzee alikuwa anakohoa njia nzima. Lakini mzee alikuwa mbele.

Niligeuka. Niliona majivu na yale mawe manne, basi. Nikasimama kumtazama kaka yangu ambaye hayupo, nikasema jina lake kwa sauti ya chini, kisha nikashuka mbio kuwawahi wenzangu.

Mama amepona. Anakula, ameongezeka, sketi haifungwi tena kwa kamba. Runinga ya chogo tuliitoa nje uani, kuku wa Eleuterio waliochoka na jua wakaja wakaigeuza kiota kabla hajarudisha bati lao. King'amuzi kinafanya kazi, na kila jioni mama anatazama tamthilia ya Kituruki na kumtukana kila mwanaume aliyemo.

Ignacia naye alifurahi. "Safi sana, Romelia, doa limefifia. Ila halijaisha. Bado kuna kibaridi kidogo palepale. Utakuwa umeacha kipande cha bati."

"Upepo ulikuwa mkali siku ile," nikasema. "Nitaenda kuangalia."

Huniuliza kila tukikutana, na kila mara namjibu vivyo hivyo. Lile bati niliwahi kwenda kulitazama juu ya banda la Eleuterio. Ni zima, kona zote nne, halijakatika popote.

Jana tulikuwa mezani, mama kaipunguza sauti ya Waturuki wake.

"Na kule juu? Mashine inasemaje?"

"Kumetulia, mama."

"Amepata joto?"

"Amepata," nikamwambia, nikamwongezea supu, naye akainywa yote.